Chumba cha Kahawa na Uso wa Baba

Chumba tulichokifanya studio kilikuwa stoo ya kahawa. Kabla hatujahamia Kibingo, mwenye nyumba alikuwa akirundika humo magunia ya kahawa ya maganda mpaka yanagusa dari. Tulisugua sakafu kwa sabuni, tukapaka kuta rangi ya samawati, lakini harufu haikutoka. Siku za mvua ndipo ilipoamka kabisa. Mtu akiingia kupigwa picha alivuta pumzi kwanza, halafu akatabasamu bila kujua anatabasamu kwa ajili gani. Ningekuwa na akili wakati ule ningempiga picha hapo hapo mlangoni. Badala yake nilimwambia aketi, anyooshe mgongo, atazame mbele, na nikija kubonyeza, tabasamu lilikuwa limeshaondoka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kamera aliinunua mume wangu kule Murongo, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akivusha vitu kutoka Uganda. Ilikuwa imetumika, mkanda umechubuka, na pale pa kuweka kidole gumba pamekuwa laini kwa kushikwa na mtu nisiyemjua. Mume wangu ni bwana shamba, mtu wa Muleba, na aliitaka kwa ajili ya kupiga picha migomba yenye mnyauko. Migomba ilimchosha baada ya wiki mbili. Kamera ikawa yangu.

Nikaanza na walimu wenzangu, wakafuata majirani, kisha mabibi harusi wa kanisani kwetu. Walishukuru wote, maana watu wa huku wana adabu. Lakini nilipokwenda kwenye nyumba zao sikuziona picha zangu ukutani. Ukutani palikuwa na kalenda.

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa baba yangu. Yeye na mama wanaishi Bweranyange, kwenye kibanja kile kile nilikozaliwa, migomba mpaka dirishani. Mwaka huo walikuwa wanakaribia jubilei ya miaka hamsini ya ndoa, na wazee wa kanisa walitaka picha zao za kuweka mbele siku ya ibada. Mama alikuwa nayo yake ya usichana, nzuri sana. Baba hakuwa na picha yoyote isipokuwa ya kitambulisho. Basi likizo ya Pasaka wakaja kwangu kwa pikipiki mbili, baba akiwa na koti lake jeusi lililofunikwa kwa mfuko wa plastiki asije akalichafua kwa vumbi.

Nilipiga magoti nikamsalimu. "Shikamoo baba." "Marahaba, mama. Haya, hicho kiti kiko wapi?"

Nilimkalisha mgongo ukigusa ukuta. Nikawasha flashi. Nikapiga kama mara kumi, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kazi ya kumsumbua mkubwa. Kisha nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Uso wake uling'aa kama umepakwa mafuta ya kupikia, macho yamemtoka, na nyuma yake ukutani amesimama mtu mwingine mweusi, kivuli chake mwenyewe. Baba alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu," alisema taratibu, "ameitwa polisi."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Baba hakucheka, wala hakukasirika. Alirudisha koti kwenye mfuko wake. "Tutarudi, mama," akaniambia. "Wewe endelea kujifunza."

Maneno hayo yalikaa na mimi msimu mzima wa masika. Asubuhi huku kwetu ukungu hupanda kutoka bondeni na kukaa juu ya mashamba kama maziwa yaliyomwagika, na wewe ukisimama uani na kikombe chako huwezi kujua mgomba unaishia wapi na jirani anaanzia wapi. Nilikuwa nasimama hivyo kila siku kabla ya kwenda shule, nikiwaza habari ya uso wa baba.

Nilikuja kugundua jambo la ajabu: sikuujua. Kwetu binti hamkodolei macho mkubwa. Unapiga magoti, unasalimu, macho yako yanabaki kwenye mikono yake au kwenye ncha za viatu. Mikono ya baba ningeweza kuisimulia usingizini. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, na kidole chake cha shahada kilikuwa na sugu ndogo ya kalamu. Lakini uso wake niliujua kwa mbali, kama unavyoijua milima ya Rwanda asubuhi: unajua ipo, na iko upande gani.

Nilichukua picha zangu nikaenda nazo Kayanga, kwa mama mmoja mwenye studio ya kusafisha picha karibu na soko. Alikuwa mtu mzima, mnene, anayetembea polepole, na amepiga picha za watu tangu enzi za filamu. Alizipanga picha zangu mezani kama mtu anayepanga karata.

"Mwalimu," akasema, "ukuta wako ni mzuri."

"Asante, mama."

"Sikusifii. Nakwambia unapiga picha ukuta. Mtu amekaa mbele yake tu." Akachukua moja, ya bibi harusi. "Huyu binti, jicho lake lipi ni dogo?"

Sikujua. Nilikuwa nimekaa naye saa nzima.

"Zima hicho kimulimuli," aliniambia. "Una dirisha?"

"Ninalo. Linatazama mashariki."

"Mtoe mtu ukutani, hatua tatu. Mweke ubavu kwa dirisha. Weka kitu cheupe upande wa pili, hata gunia la unga, mwanga urudi kidogo. Halafu kaa. Usishike kamera. Mtazame mpaka umwone."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, lakini aibu ile ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyeambiwa shati lake limegeuzwa nje ndani. Nilichana gunia jeupe nikalishonea kwenye fremu ya mbao. Dirisha nililitundikia shuka jeupe jembamba ili mwanga usiingie kwa kelele. Sasa nilihitaji mtu wa kumtazama.

Jirani yangu ni mwanamke ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Analima vibarua kwenye mashamba ya watu, anaimba kwaya, na hana muda. Hata hivyo alikubali kunipa Jumamosi asubuhi, kabla ya jembe. Jumamosi ya kwanza alikaa wima kama amemeza mwiko. Nami nilipojaribu kumtazama, macho yangu yaliteleza yenyewe yakaenda kwenye mikono yake. Tulikuwa wanawake wawili tunaooneana haya ndani ya chumba kinachonukia kahawa.

Jumamosi ya tatu alisinzia. Alikuwa amepalilia siku sita mfululizo, na kiti kilikuwa na mto. Kichwa kiliegemea upande wa dirisha, mdomo ukalegea kidogo. Nilitaka kumwamsha, nikaacha. Nje ukungu ulikuwa unayeyuka, na kila ulipopungua shuka dirishani lilizidi kuwa jeupe, na uso wake ukawa unabadilika mbele yangu, kwanza kijivu, kisha kahawia, kisha rangi ambayo siwezi kuitaja, ya asali iliyokaa kivulini. Nilimtazama. Hakukuwa na wa kunikemea. Niliona mwanga unavyopanda kwenye mfupa wa shavu na kuteremka kando ya pua. Niliona kidoti chini ya jicho la kushoto, kidogo kama mbegu ya ulezi. Niliona kwamba usoni mwake mlikuwa na msichana bado, amekaa kimya nyuma ya mama wa watoto watano. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilijiona kama naelea.

Alipofumbua macho, alinikuta bado namtazama.

"Umeona nini, mwalimu?"

"Una kidoti hapa," nikamwambia, nikigusa chini ya jicho langu.

Akajigusa pale pale, akastaajabu. "Kweli? Nyumbani tuna kioo kidogo cha kunyolea. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Hapo ndipo nilipobonyeza, mara moja tu. Picha ile ilitoka nyeusi kupita kiasi upande mmoja, na sikio halikuonekana vizuri. Lakini aliipeleka kwake, na wiki iliyofuata niliiona ukutani, mahali pa kalenda.

Tangu siku hiyo nilijifunza kwa kasi. Niligundua kwamba kamera yangu huogopa ngozi nyeusi. Ikiachiwa iamue yenyewe, ama hutupaka majivu ama hutuzamisha gizani, hivyo nikaanza kuiongezea au kuipunguzia mwanga kwa mkono wangu. Nilijifunza kulenga jicho lililo karibu nami. Nilijifunza kuongea na mtu habari za mihogo yake mpaka mabega yashuke.

Wazazi walirudi mwezi wa tisa, mvua za kwanza zilipokwisha kuigusa kahawa ikachanua. Yeyote aliyelala karibu na shamba la kahawa linapochanua anajua: unaamka unadhani kuna mtu amepita dirishani amejipaka manukato. Maua meupe yalikuwa yamelala kwenye matawi kama theluji ya kwenye picha. Baba aliingia chumbani, akavuta pumzi, akatabasamu. Nikaliona tabasamu lile, safari hii.

Mama alibaki jikoni akimenya ndizi. Mlango baina yetu ulikuwa wazi. Nilimkalisha baba ubavu kwa dirisha, nikarekebisha gunia langu, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilivuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikamtazama usoni.

Alishtuka kidogo, nadhani, kwa sababu alishika magoti yake.

"Baba, nisamehe. Kazi hii inataka nikutazame."

Aliyaachia magoti. Kisha akasema, "Haya. Tazama."

Nikatazama. Baba yangu ana nyusi nene zilizoanza mvi kutokea ndani kwenda nje. Ana macho ya rangi ya chai, si meusi kama nilivyodhani miaka yote. Na juu ya nyusi ya kulia, likikatiza paji kwa mshazari, kulikuwa na kovu. La zamani, limefifia, refu kama kiungo cha kidole.

"Baba, hilo kovu ni la nini?"

"Hujawahi kuliona?"

"Sijawahi."

Alicheka puani. "Ilikuwa baiskeli. Nilikuwa kijana, nimeazima baiskeli ya katekista. Nateremka kilima cha kwao mama yako, nikamwona yuko kwenye kibanja cha baba yake, anapalilia. Nikamtazama." Akasita, kama anaiona njia. "Nikamtazama hivi, shingo imegeuka, baiskeli inaenda. Nikaingia kwenye mti wa kahawa. Aliyeniosha damu ni bibi yako mzaa mama. Ndiyo mwanzo wa kufahamiana."

Mtu huyu aliyenifundisha kutazama chini!

Ndipo sauti ya mama ikatoka jikoni, tulivu kabisa, na kisu kikiendelea kumenya.

"Mimi siku hiyo nilikuwa nimeenda kuchota maji. Uliyekuwa unamtazama ni dada yangu."

Uso wa baba ulifanya mambo matatu kwa mara moja. Nyusi zilipanda. Mdomo ulitaka kukana, ukakosa neno. Na machoni pakaja kitu kama cha kijana aliyekutwa juu ya mti wa mapera wa watu, hofu na furaha vimeshikana mikono. Kamera ilikuwa mikononi mwangu. Nilibonyeza, na mara hiyo sikuwa na haraka.

"Miaka hamsini!" baba alipaza sauti kuelekea jikoni. "Miaka hamsini umekaa na neno hilo?"

"Hukuniuliza," mama alijibu.

Nilipiga na nyingine, ya heshima, koti limefungwa vifungo vyote. Hiyo ndiyo baba aliyoichagua kwa ajili ya kanisa, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Mama wa Kayanga aliisafisha kubwa, akaitazama, akasema tu, "Sasa ukuta hauonekani." Siku ya jubilei ilisimama mbele kando ya ile ya mama, na watu wa Bweranyange walipita wakikigusa kioo chake.

Ile nyingine mama aliiomba kwangu kimya kimya. Aliibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Shangazi yangu mmoja alipoiona alimwuliza kwa nini anaificha picha nzuri hivyo. Mama akasema haifichi. Ila hataki kila mgeni aione sura ambayo yeye mwenyewe ameisubiri miaka yote hiyo.

Siku hizi nikienda kwao bado napiga magoti, bado nasema shikamoo. Lakini nikishaitikiwa nainua macho, na baba hunipa uso wake kidogo, kama anayeshikilia mlango mtu apite. Mara ya mwisho aliniomba nimwonyeshe kamera inavyoshikwa. Tulikuwa uani, jua la saa kumi limeingia kwenye migomba na kuyafanya majani yawe kama vioo vya kijani. Mama alikuwa anakata majani makavu. Baba aliweka jicho kwenye kamera, akamlenga, akatulia.

"Bonyeza, baba."

"Ngoja kwanza."

Alikaa hivyo mpaka mama akamaliza mgomba mmoja akahamia wa pili. Alipobonyeza, alichelewa. Picha imejaa majani, na pembeni kuna bega la mama na nusu ya kilemba chake, vyote vimetikisika. Baba anaisifu sana picha hiyo. Nami, ingawa nina sababu nyingi za kitaalamu za kuikosoa, nimeisafisha na kuitundika studio kwangu. Wateja wakiniuliza ni ya nani, nawaambia ni ya mwanafunzi wangu.