Kola ya Eliane

Hebu mwone, ndugu msomaji, mwanamke anayeingia Vulamba kwa miguu, amebeba kichwani kichwa cha mashini ya kushona, kimefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mgonjwa. Ndiye Kahongya, fundi wa nguo, vita vimemtoa Beni. Meza ya mashini ilimshinda, akaiacha.

Hulda, mke wa mchungaji, alimpa chumba nyuma ya kanisa na meza, akamletea wanawake waliokimbia kama yeye.

"Fundisha hawa bamama kushona, bapate kula."

Ni rahisi kusema! Lakini nguo ina kupima, kukata, mikono, kola, pindo, na vyote sharti visikilizane. Uanzie wapi? Kahongya alichagua njia ya shangazi yake aliyemfundisha: kipande kwa kipande. Hugusi mikono kabla kola haijanyooka. Hugusi mkasi kabla mikono haijakaa. Alikuwa na sababu. Kitambaa kilikuwa haba, na mtu akiharibu nguo nzima mbele ya wenzake, moyo unavunjika.

Kati yao alikuwa Eliane wa Eringeti, mwenye binti mdogo na mdomo usiolala.

"Mama Kahongya, mutoto wangu hakule kola."

Wenzake wakacheka.

"Kola yako imepinda, ingali inaangalia Uganda," Kahongya akajibu. "Fumua."

"Nionyeshe basi karobo kamoja, kagauni ka mutoto, nikauzishe soko. Hata kakiwa kabaya. Lakini kazima."

"Hapana, binti yangu. Mukono yako bado."

Eliane akafumua, akashona, akafumua tena, mpaka kola zake zikapita za mwalimu. Lakini nani sokoni hununua kola bila gauni? Asubuhi moja akaweka mezani kola moja nyeupe, ya mwisho, akasema anakwenda kung'oa mihogo yake. Watu wanasema Eringeti kumetulia.

"Ngoja kidogo. Juma lijalo tunaanza mikono."

"Na leo tutakula nini, Mama?"

Akamwachia Hulda mtoto, akashika barabara.

Hulda ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni, hakuketi. "Eliane... bamemukuta amekufa mu shamba yake. Bale ba bunduki balipita pale."

Kahongya aliifunika mashini kwa lile blanketi, na kwa siku nyingi hakufundisha mtu. Alipoifunua, alikuwa amebadilisha njia. Sasa mwanamke akifika, siku ile ile anashona gauni zima la mtoto. Kahongya anamkatia, anamshikizia kwa pini, mgeni anaunganisha. Gauni la pili, mgeni anakata mbele. La tatu, anapima. Mwalimu anaondoa mkono wake polepole. Kola ikisumbua, ndipo wanaketi na kola peke yake. Vitambaa vinaharibika, ndiyo. Mkono mmoja unakuwa mrefu kuliko mwenzake. Lakini jioni mtu anatoka na kitu cha kuuza.

Juzi amefika Elsa kutoka Mangina. Kigauni chake cha kwanza alimpimia binti wa Eliane, ambaye sasa analelewa na Hulda. Kikakaa upande upande, shingo wazi. Elsa akatazama ukutani, pale kola nyeupe inaponing'inia kwenye msumari.

"Mama, ile hapana mutu anaitumia? Nitie hapa?"

Kahongya alinyoosha mkono kuelekea msumari, mkono ukasimama hewani. Mtoto alikuwa anangoja, shingo ameinyoosha.

Wewe ungeitungua?