Mgonjwa Namba Saba wa Ntobeye

Kazi yangu hapa Ntobeye ni kuwavalisha wagonjwa wa moyo kifaa cha kupima mapigo, na vipimo vyao huingia kwenye simu yangu. Niliagizwa niifunge kwa nywila. Sikuifunga. Nani angeishika simu ambayo hata kupigiwa haipigiwi?

Wagonjwa ni sita. Kifaa cha saba kilibaki, nikakivaa mwenyewe, na kila jioni niliandika: "Namba saba. Leo hajaongea na mtu."

Juzi niliiacha simu ichajiwe dukani kwa Mama Devota. Niliporudi, nilikuta wanawake wa jumuiya wananisubiri na kikapu cha ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niliiwasha nione kama imejaa, nikasoma. Ya wale sita sijamwambia mtu. Lakini huyu wa saba, mwanangu, unamwandika tu, humtembelei?"

Nikaona kibarua kinaota nyasi. "Ni siri ya mgonjwa, mama."

"Siri gani, na mtu anakufa kwa upweke? Tupeleke!"

Niliwatangulia polepole, nikijifanya natafuta nyumba, mpaka njia ikaishia mlangoni kwangu.

"Mwenyewe yupo?" aliuliza Mama Devota.

Nikatoa ufunguo mfukoni.