Hatua Mbili Kutoka Kwenye Magunia

Msimu ule wa mvua nilikuwa na magunia kumi na nne chini ya kitanda. Nilihesabu jioni, nikahesabu tena asubuhi, kwa sababu Kolwezi gunia lina miguu. Mimi ni negosian: nanunua mawe ya shaba na kobalti kwa wachimbaji wa Mutoshi, nayauza depo. Wengi wa kazi yetu wanaweka mzigo chumba cha kulala. Ukilowa, mnunuzi anakunja uso kabla hujamsalimia. Wezi nao wapo, lakini wao angalau hawakunji uso.

Kitanda tulikiinua kwa matofali ili magunia yaingie. Mke wangu, mimba ya miezi mitano, alilala juu yake kama malkia wa mgodi. Hayo ni maneno yangu. Yeye hakucheka.

Ndipo akaja kijana wa Lubumbashi na kisanduku cha kupima mionzi, akipita nyumba kwa nyumba, maana baadhi ya mawe yetu yanatembea na urani. Nyumba ikizidi kipimo, mlango unapigwa alama nyekundu, na mawe ya nyumba yenye alama hakuna depo inayoyataka.

Alisimama hatua moja kutoka kitandani. Kisanduku kikasoma kumi na tisa. Akaguna.

"Tata, apa iko mingi."

"Rudia nyuma kidogo. Shi unapima nyumba, haupime kitanda."

"Formulaire, hii karatasi ya kujaza, inasema katikati ya chumba."

"Na katikati njo wapi? Chumba yangu, katikati yangu."

Hatua ya pili: sita. Nilitaka na ya tatu, lakini mgongo wake uligusa kabati. Sita ilikuwa chini ya kipimo, akaandika. Nimeshusha bei ya kila kitu mji huu, toka mbuzi mpaka jeneza, ila siku ile nilishusha namba kwa kumrudisha mtu kinyumenyume, nikajiona bingwa.

Mke wangu alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Na mi nalala hatua ngapi?"

Tuliangalia kisanduku, wanaume wawili wenye elimu zetu.

"We kijana, weka kale kasanduku apa kwa muto yangu ya kulalia."

Kijana akaweka, kisha akafunika kioo kwa kiganja. Nikakitoa kile kiganja. Mia moja na arobaini. Nikasoma mara mbili.

"Lakini sita ya kule," nilisema, "ukipiga hesabu kurudi mpaka huku..."

"Haiwezekane, tata. Ukiwa mbali, magunia yote iko kama taa moja, unarudia nyuma inapunguka na hesabu yake. Ukiwa karibu, kila gunia inasema na mudomo yake. Hesabu ya mbali haijue bya karibu."

"Basi andika hii ya karibu."

"Formulaire iko na fasi moja tu. Katikati ya chumba."

Kwa mara ya kwanza maishani nilibishana ili namba ipande. Nilishindwa. Alituachia karatasi: sita, nyumba ni nzuri, sahihi.

Jioni hiyohiyo nilihamishia magunia sebuleni, kwenye ukuta wa mwisho. Nikapima kutoka kwenye mto wa kulalia wa mke wangu: hatua tisa. Nikapima tena: tisa. Yeye alikuwa ameketi juu ya kitanda chetu kirefu, miguu ikining'inia. Nyuma ya ule ukuta, kwa jirani yetu mjane, kitoto kikaanza kulia.

"Ule mutoto analala fasi gani?"

"Mi sijue."

"Unajua. Unahesabu kila kitu."

Nilijua. Nilikuwa nimempigia yule mama msumari wa chandarua cha mtoto kwenye ukuta huohuo. Tofali moja, unene wa kiganja.

Nikamwambia mvua ikikatika tu nayatoa magunia, siku tatu hivi. Mke wangu akafunga nguo zake kwenye kitenge. Asubuhi akaenda kwa mama yake, kule Mutshatsha.

"Wewe baki na karatasi yako," alisema.

Mtoto wetu alizaliwa hukohuko. Wanasema ni mzima. Sijaruhusiwa bado kumbeba.

Mvua ile haikukatika siku ya tatu. Ilikatika siku ya kumi na moja. Katikati ya siku hizo, jirani alinisimamisha uani, mtoto mgongoni. Kwake yule kijana wa kisanduku alikuwa amepima kabla ya kwangu, magunia yakiwa bado chumbani kwetu, na yeye pia alipewa karatasi nzuri.

"Tata, na kwenu banasema nini? Mama ya nyumba ameenda, nikaanza kuogopa."

Hajui kusoma. Nikamletea karatasi, nikamsomea polepole: nyumba ni nzuri.

"Aksanti Mungu," akasema, akaingia kumnyonyesha mtoto.

Nami nikaingia kwangu. Kupitia ukutani nilisikia kitanda chake kikilia alipoketi. Nilisimama pale, magunia yakigusa magoti yangu, na sikwenda kumbishia hodi.