Ile neno "give up" mimi siisemi

Leo wamenicheka mu barza yangu mwenyewe!

Mujukuu yangu Zaina anatufundisha Kingereza pale. Leo akaleta "give up", maana yake kuacha, kushindwa. Kila mutu atoe fraze, sentensi moja yenye ile neno.

Mama Asha: "I give up sugar."

Shabani wa pikipiki: "Kabambare road, mud, I give up."

Zamu yangu, nikakataa.

"Bwana yangu, sema ao utoke," Zaina akanitania.

"Muke yangu, mimi nilisukuma kinga, baiskeli yangu, na mizigo mpaka Kabambare, sikuacha njiani. Ile neno haitoke mu kinywa yangu."

Kicheko!

Pale pale simu ikalia. Ni kitukuu yangu wa Kampala, anajua Kingereza tu. Kila mara tunasalimiana, kisha anarudisha simu kwa mama yake.

Leo nikamusikia: "Mama, I give up."

Eh! Nikaelewa!

Nikapaza sauti: "No! No give up!"

Akacheka. Akabaki mu simu, akaniimbia wimbo wote, na mimi namufuata nyuma.

Zaina akasema, "Babu, fraze yako tumeipokea."

Wenye kunicheka, andikeni hapa chini. Bila "no" mbele, mimi siisemi hata kesho.