Mbwa Aliyeitwa Partez

Sitaki mtu acheke kabla sijamaliza. Najua mtacheka, maana hapa Kamina wameshacheka wote, kuanzia huku kambi ya reli tunakokaa mpaka sokoni, lakini mimi cha kuchekesha sijakiona bado, na kila nikikumbuka ile siku ya mahari ya binti yangu Régine uso unaniwaka, nusu aibu na nusu hasira, na nikisema kweli hasira ndiyo nyingi.

Chanzo ni mdogo wangu Faustin. Faustin ni fundi wa reli kama alivyokuwa marehemu mume wangu, ila siku hizi treni inapita inapotaka yenyewe, kwa hiyo mchana wake anaumalizia kwenye baa moja yenye televisheni, wanakoonyesha mbio za farasi za huko Ulaya. (Farasi mwenyewe hajamwona hata mmoja kwa macho yake, Kamina nzima ukitafuta farasi utachoka, lakini mwulize farasi fulani anaumwa mguu gani, atakujibu bila kufikiri.) Siku moja akaniletea mtoto wa mbwa, mwekundu, miguu mirefu, tumbo limeingia ndani, na kweli yule mbwa tangu mdogo hakujua kutembea, alikuwa anakimbia tu, anazunguka nyumba mpaka kuku wakaacha kutaga. Mimi nilitaka kumwita Simba, kama watu wote wenye akili. Faustin akakataa.

"Yaya, imbwa ya namna hii haiwezi kuitwa Simba," akaniambia mimi dada yake. "Inaomba jina ya mbio."

Akaanza kunitajia majina ya farasi, marefu kama majina ya wafalme, ya Kifaransa cha puani, yaani ukimaliza kuita, mbwa ameshafika Bukama. Nikamwambia atafute fupi. Ndipo akanieleza kwamba farasi wakishapangwa kwenye mstari kuna mtu anapiga kelele neno moja tu, "Partez", yaani ondokeni, na wote wanachomoka. Na mimi, badala ya kunyamaza na kuendelea kutwanga sombe langu, majani ya muhogo, nikafikiri: neno fupi, linasikika mbali, tena mwizi akiruka ukuta na mimi nikamwita mbwa, mwizi mwenyewe ataona nimemfukuza. Nikajiona nina akili sana. Nikasema sawa, aitwe Partez. Faustin ndiye aliyeleta neno, lakini mdomo uliosema sawa ni wangu, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Majirani walizoea. Asubuhi ukinisikia nikiita Partez kwenye uwanja wangu, hakuna aliyegeuka.

Sasa, Régine akapata mchumba. Anaitwa Patient, muuguzi, kijana mpole, amekulia kule baze, kwenye kambi ya wanajeshi, na wazazi wake walishakufa, aliyemlea ni shangazi yake, Mama Béatrice. Watu wao asili yao ni Kasai, lakini kwa sababu ya kazi ya jeshi wamekaa kila mahali penye kambi katika nchi hii. Huyu Mama Béatrice nilikuwa nimemwona mara moja tu, kanisani, mwanamke mwembamba, anakaa wima, hasemi ovyo. Nilimwogopa kidogo. Siku ya mahari nikaapa nyumba yangu asiione kasoro hata ya unyasi mmoja. Tukafunga turubai uwanjani, tukaazima viti, nikapika tangu alfajiri, na kuna samaki mmoja mkubwa aliyekaushwa, wa Kinkondja, nilimlowesha usiku kucha nikamuunga na mawese, huyo alikuwa wa Mama Béatrice peke yake, nilimweka kwenye sahani yake na kumfunika. Mbwa nikamwambia Faustin amfunge nyuma ya jiko. Akamfunga. (Mtu anayefunga mabehewa ya treni maisha yake yote, fundo la kumfunga mbwa likamshinda.)

Wageni wakafika, wakakaa. Kwetu mama wa binti haketi mbele siku hiyo, anabaki jikoni, wanaosema ni wanaume, kwa hiyo upande wetu alisimama Faustin, amevaa koti, na upande wao alisimama mjomba wa Patient, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti nzuri ya kutoka kifuani. Mimi nasikia kila kitu kupitia ukuta wa matete. Yule mzee akasalimu, akaeleza wao ni nani, walikotoka, akasema sisi ni wageni katika mji huu, tumekuja mbele ya mlango wenu, tunaomba mtupokee. Pakawa kimya, watu wanangoja jibu.

Katika kimya hicho nikageuka, nikaona sahani iko wazi na mkia wa samaki unaningʼinia kwenye mdomo wa mbwa.

Mnaijua sauti yangu. Sikufikiri wageni, sikufikiri chochote, nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Partez! Partez, nimekuchoka! Unakula tu vya bantu, hauna haya!"

Nikasikia kiti kimoja kinaanguka upande wa pili wa ukuta. Hata hapo sikuelewa. Mbwa akachomoka na samaki wangu, akapita chini ya matete moja kwa moja hadi chini ya turubai, na mimi nyuma yake na mwiko mkononi, mkubwa ule wa kusongea bukari, nimeuinua juu hivi, kitambaa cha kichwa kimeshuka shingoni, nikatokea mbele ya wageni wote nikiita tena lile jina. Mbwa mwenyewe wageni walikuwa bado hawajamwona, alikuwa ameshajificha chini ya kitambaa cha meza. Walichokiona ni mimi. Mama wa binti, na mwiko, anawaambia waondoke.

Mama Béatrice alikuwa ameshasimama.  Alichukua mkoba wake, akajifunga vizuri kitenge, na wenzake wakasimama mmoja mmoja nyuma yake, na yule mzee mwenye sauti nzuri alibaki mdomo wazi na hotuba yake haijaisha.

Mimi nikamwangalia Faustin, kwa macho ya kumwomba, maana yeye ndiye msemaji wetu, afafanue. Na Faustin (Mungu anisamehe nilichomtakia dakika ile) alikuwa anacheka. Alikuwa ameuma mkono wa koti lake na mabega yanatikisika. Alipoweza kusema, angesema tu ni jina la mbwa, ingetosha. Lakini hapana, yeye akaanza na farasi. Akasema, wazee wangu, tusikasirike, hii ni mambo ya farasi, farasi wakipangwa kwenye mstari kuna mtu anawaambia Partez. Mama Béatrice akamgeukia polepole.

"Sasa sisi njo farasi?" akauliza.

Akatoka. Wote wakatoka. Patient alibaki katikati ya uwanja, anaangalia mlango ambao Régine alikuwa nyuma yake na nguo zake mpya, kisha akawafuata, angefanya nini.

Nikawakimbilia barabarani bila viatu. Mama Béatrice alikuwa ameshapanda pikipiki ya kukodi, nikashika usukani wa ile pikipiki, nikamwambia mama, tafadhali, shuka unisikilize, ni imbwa, ni jina ya imbwa tu. Na nilimwona anasita. Kweli, aliteremsha mguu mmoja. Hapo hapo yule mbwa mlaaniwa, ambaye amemaliza samaki na sasa anataka mbio, akatoka uwanjani akachomoka kuvuka barabara, na kuna lori linakuja. Ningenyamaza akapondwa? Niliita. Niliita jina lake, ndilo jina alilonalo. Mbwa akaruka pembeni akapona, na kijana wa pikipiki, aliyesikia neno limesemwa kwa ukali sikioni mwake, akatii, akatia gia, akaondoka na Mama Béatrice mguu mmoja ukiwa bado nje. Mtaa mzima ulikuwa umeshajaa watu. Kuna waliopiga makofi.

Ndani nilimkuta Régine anakunja kitenge chake kipya, anakikunja taratibu, kona kwa kona, kama kinarudishwa dukani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, umefurahi?" Kisha hakuniambia kitu siku nyingi, akawa ananipisha mlangoni kama mpangaji. Na hasira yangu ikawa haina mahali pa kukaa: nikamkasirikia Faustin, nikamfukuza na koti lake; nikamkasirikia mbwa; na zaidi ya wote nikamkasirikia Mama Béatrice. Nikawa nasema peke yangu jikoni, huyu mwanamke ana kiburi gani, neno moja tu, mtu mzima anavunja ndoa ya watoto kwa sababu ya neno moja, hata kungoja aone mbwa hakutaka. Patient alikuja kwa siri akaniambia shangazi yake amefunga mdomo, hataki jambo letu litajwe nyumbani.

Basi asubuhi moja nikaamua. Nikamfunga mbwa kamba, nikakodi pikipiki, mbwa nikamweka katikati yangu na dereva (harufu yake usiniulize), tukaenda baze. Nikamkuta Mama Béatrice nje ya nyumba yake anachekecha unga. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nikamsalimu kwa magoti. Nikamwambia, mama, huyu ndiye mwenye jina, nimekuletea umwone.

"Muite," akasema.

Nikamfungua kamba, nikaita kwa sauti ndogo. Mbwa anaangalia kuku. Nikaita tena. Anaenda kunusa nyumba ya jirani. Nikapandisha sauti, wake za wanajeshi wakaanza kutoka milangoni, wengine na watoto mgongoni, na mimi nimesimama katikati ya kambi ya jeshi, mgeni, napiga kelele nikiwaambia wenye kambi waondoke, na mbwa hata sikio halichezi. Machozi ya hasira yalinitoka hapo. Ningekuwa na mwiko ningemuua.

Mama Béatrice akaacha kuchekecha. Alisema lile neno yeye mwenyewe, taratibu sana, kama mtu anayeonja kitu cha moto. Mbwa akageuza kichwa, akaja, akalala mbele ya miguu yake. Akamwekea mkono kichwani.

"Nilikuwa binti mudogo," akasema, hakuniangalia. "Tulikuwa na nyumba, baba alikuwa anafanya kazi kwa reli, sawa na bwana yako. Siku moja bantu wakakuja kwa mulango, bengine tulikuwa tunakula nabo, wakasema neno ile moja tu. Baba alibeba mashini ya kushona, mama alibeba mutoto. Tulilala kwa gare, chini, mpaka treni ikakuja, na mutoto hakufika. Nilisema sitasimama tena kwa mulango ya muntu kumuomba kitu. Kwa sababu ya Patient, nikakuja kusimama kwako."

 Mimi nimezaliwa kambi ya reli, habari za zile siku watu wa Kasai walipofukuzwa kwetu nazijua, kituo kiko pale tunakiona kutoka dirishani, na katika maandalizi yangu yote ya viti na samaki sikumuuliza yule mama hata mara moja alikotoka na alipitia wapi. Nilikaa chini, kwenye vumbi, nikamwomba radhi, safari hii bila kutaja mbwa wala farasi. Hasira niliyokuwa nayo juu yake ikanigeukia yote, na ilikuwa nzito.

 Mama Béatrice akasema nitatoa mbuzi, na mdogo wangu mwenye kucheka atamleta yeye mwenyewe kwa mguu, kutoka kwetu mpaka baze, na atamwomba radhi yule mzee aliyekatiziwa hotuba. (Faustin alitembea. Mbuzi alikataa njia nzima, alimburuta mtaroni mbele ya baa yake yenyewe, na wenzake wa farasi wakatoka kumshangilia. Sikumhurumia.) Mahari ikafanyika upya, kwa utulivu, na Régine na Patient sasa wanakaa karibu na soko, na Régine ameanza kuniambia mambo tena, kidogo kidogo.

Mbwa sikurudi naye. Nilipoinuka kuondoka siku ile, Mama Béatrice aliniambia nimwache, na anaye mpaka leo, anamwita kwa lugha ya kwao jina ambalo sijauliza maana yake, na akiita mara moja anakuja.

Mimi nimeapa: kiumbe hakipewi tena jina nyumbani kwangu, awe mbwa, awe paka, mpaka nimelitamka kwanza kwa sauti kubwa nikiwaza mgeni amesimama mlangoni. Na kile kicheko mnachokificha nakiona. Cheka tu. Lakini mtu akiniambia tena kwamba jina la mbwa ni jambo dogo, nitagombana naye hapo hapo, awe nani.