Kicheko cha Redio

Walimwita Redio kwa sababu akishakaa kwenye cherehani haishiwi maneno. Alishona mavazi ya waigizaji, na kila aliyesimama mbele yake kupimwa kiuno aliondoka na habari za mtaa mzima, apende asipende.

Siku moja akaletwa msichana aliyekuwa akicheza filamu yake ya kwanza. Uso wake ulikufanya usahau ulichokuja kufanya. Sauti sasa! Ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Walipomaliza kupiga picha, mwongozaji alibaki ameshika kichwa, mpaka akamsikia Redio akipiga soga chumba cha pili. Wakamwingiza katika chumba kilichozibwa magodoro kuta zote, wakamwonyesha midomo ya msichana kwenye kitambaa cheupe, naye akayasema maneno yote badala yake, na vicheko pia akavicheka yeye. Filamu ikapendwa kupita kiasi, msichana akawa nyota. Redio akarudi kwenye sindano zake bila kinyongo. Maneno alikuwa nayo tele, akigawa kidogo yatampunguzia nini?

Kisha koo likaugua. Madaktari walimwokoa, Mungu awape maisha marefu, ila sauti haikurudi. Mjukuu wake alizaliwa akamkuta hivyo, bibi wa kuita kwa kupiga makofi. Wenzake walikemewa na bibi zao mpaka mtaa wa pili ukasikia. Yeye hajui hata bibi yake akikemea anasikikaje. Hilo lilimuuma Redio kuliko kidonda chenyewe. Alitamani mtoto amsikie, hata mara moja.

Kanda ya filamu ile ilikuwa imefungiwa stoo miaka yote, hata kwenye simu haikupatikana. Kwa hiyo ukumbi wa sinema ulipotangaza kwamba itaonyeshwa tena, Redio alimshonea mjukuu gauni, wakaenda watatu pamoja na binti yake, mama wa mtoto. Mtoto hakuambiwa lolote. Bibi alitaka kumwonyesha kwa kidole, mle mle ndani, kwamba sauti ile ni yake.

Kabla taa hazijazimwa, nyota mwenyewe alipanda jukwaani, sasa mama mtu mzima.

"Siku zile nilisemewa na mtu mwingine," alisema. "Safari hii nimerekodi upya. Mtanisikia mimi mwenyewe."

Ukumbi ukashangilia. Redio naye alipiga makofi, mikono ikienda yenyewe. Alijaribu kumchukia akashindwa, maana nani hapendi kusikika? Alikaa akitazama midomo aliyowahi kuisemea ikitoa sauti isiyo yake. Binti yake akamnong'oneza waondoke. Akatikisa kichwa, hakujua anangoja nini.

Ikafika pahali msichana anateleza kwenye tope na viatu vipya, anakaa chini na kucheka. Kicheko cha tumboni, kinakatika, kinaanza tena. Hicho hawakukigusa. Labda nyota alijaribu akakwama, kwani kicheko cha usichana ukishazeeka utakitoa wapi?

Redio alimkamata binti yake mkono akaubana. Alifungua mdomo, na kama kawaida hakikutoka kitu.

Mtoto akageuka gizani kumtazama mama yake.

"Mama, unacheka nini?"

Mama yake hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Si mimi," alisema. "Huyo ni bibi."