Nilinunua Kuta, Kiwanja Si Changu

Kosa ni langu. Lijueni hilo kabla hamjaanza kunihurumia, maana huruma sikuiomba!

Nilirudi kutoka chuo kikuu Kampala, nikapata kazi Korogwe. Nikataka nyumba, nimtoe mama Mazingara alikokuwa akiishi kwa kaka yake. Mzee mmoja, zamani mnyapara wa shamba la mkonge, alikuwa anauza nyumba yake Kwamndolwa, ya bati.

Mjomba aliniambia, "Waite majirani, mzunguke mpaka pamoja, na jumbe aone. Ndivyo tunavyonunua."

"Mjomba, jirani anajua nini cha sheria? Mimi nataka wakili."

"Haya, msomi. Nunua na Kiingereza chako."

Muuzaji akasema ana wakili wake Tanga, atatuandikia sote, tugawane malipo. Mimi ninayebishana hata na mahubiri, sikumuuliza yule wakili swali hata moja! Amevaa tai, meza imejaa vitabu, nami nikawa mpole. Nikalipa, nikatia sahihi, nikampakia mama kwenye lori pamoja na kuku wake.

Siku ya tatu akaja bibi mmoja jirani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnahama lini?"

"Bibi, nimenunua hapa."

"Umenunua kuta. Kiwanja ni cha ukoo wetu. Yule alikuja kutoka kusini kukata mkonge, marehemu mume wangu akampa mahali pa kujenga tu. Mngezunguka mpaka, tungekwambia."

Lo! Nikaisoma hati upya. Nyumba imo, ardhi haimo. Nikarudi Tanga mbio.

"Mbona hukuniambia?"

"Mteja wangu ni muuzaji," wakili akajibu. "Kwani wewe uliniuliza?"

Na nusu ya ada yake nimelipa mimi!

Muuzaji alikwisha kwenda kwao. Ukoo ukadai kiwanja chake, nasi tukang'oa bati na milango. Mama akarudi Mazingara, akakuta chumba chake kimewekwa mahindi. Hajanilaumu. Afadhali angenitukana!

Sasa wapo wanaocheka: "Kusoma sana kumemharibu." Uongo! Hayakuniponza maswali niliyouliza. Liliniponza lile nililolimeza mbele ya tai. Desturi nitaihoji hata kesho, ila kwanza nitazunguka mpaka.

Nawe unayetafuta nyumba ya kwanza, tafuta wakili wako mwenyewe, mlipe wewe, kisha muulize usoni: "Unamtetea nani?" Akikasirika, chukua kofia yako utoke!